Kiti cha Mzee Khalfani

Jumamosi asubuhi Lusungu alikaa kwenye kiti cha Mzee Khalfani, pale Tandika, kama alivyokaa tangu utotoni. Alikuwa na miaka thelathini na sita, karani wa ghala la saruji, na hakuwahi kunyolewa na mkono mwingine. Mzee alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, na miguu ya Lusungu ikaacha kugusa sakafu.

"Umeshuka," alisema mzee.

Akachukua ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaulaza juu ya mikono ya kiti, akamnyanyua Lusungu kwapani na kumkalisha. Kwenye kioo alionekana mtoto wa miaka sita mwenye pengo. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri waliendelea kubishana habari za mpira. Mmoja alimtupia Lusungu jicho, akasema hata shemeji yake humtokea hivyo akinyolewa, ila yeye huishia umri wa darasa la saba.

Lusungu hakuogopa. Kilichomchanganya ni mwanamke wa kitenge cha kijani aliyeketi mwisho wa benchi. Hakumwona akiingia. Sasa alikuwa ameinama, anaokota nywele zilizodondoka, nyepesi za kitoto, anazifunga kwenye pindo la kitenge.

"Anakula vizuri?" mwanamke aliuliza.

"Anakula," mzee alijibu bila kusimamisha mashine.

"Na kile kikohozi?"

"Kimeisha."

Kitambaa kilipofunguliwa, Lusungu alirudi utu uzima wake, shati likimbana tumboni kama kawaida. Mwisho wa benchi palikuwa patupu.

"Mzee, yule mama ni nani?"

"Mama yako." Mzee Khalfani alikuwa akifuta mashine kwa spiriti.

"Mama alikimbilia Njombe nikiwa mchanga. Baba ndivyo alivyoniambia."

"Hakwenda Njombe. Baba yako alimfukuza, akamkataza asikuone. Alipanga chumba Mtoni, hapo tu. Kila siku ya kukunyoa mie nilikuwa nampelekea habari, anakuja. Alikuja mpaka ulipofika darasa la tatu. Ndipo akafariki."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Baba yako, Mzee Ferdinand, aliniomba nisiseme," alisema. "Naye ni mteja wangu."

Lusungu alitoka akiwa hajui kama amshukuru yule mzee au asikanyage tena pale. Alipita kituo cha basi bila kukiona, akarudi, akakipita tena.

Kwao Yombo alimkuta baba yake uani anakula mihogo, kipara kikimeta. Alikuwa amenyolewa Alhamisi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, mama alikuwa anaishi Mtoni."

Mzee Ferdinand alimaliza kutafuna kwanza. "Mama yako alikukimbia," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake mwenyewe. "Nani kakwambia mambo ya Mtoni?"

Jina la Mzee Khalfani lilimfika Lusungu mdomoni, likakaa hapo. Hakuelewa kwa nini lilikataa kutoka.

"Hakuna mtu."

"Basi," alisema baba yake, akamsogezea sahani. Lusungu alikula mhogo mmoja, akachukua mwingine.

Wiki tatu zikapita, nywele zikaota. Siku hiyo Lusungu alipita saluni tatu zenye viti vitupu, akaenda kukaa palepale. Kitambaa, mashine, ubao. Mwanamke wa kitenge cha kijani alikuwa benchini, amekaa wima, anamtazama kisogoni.

Njia nzima Lusungu alikuwa amelishika neno moja, analirudiarudia asije akalipoteza. Lakini mdomo ulikuwa wa mtoto wa miaka sita, na mtoto yule alikuwa hajawahi kuonyeshwa mwanamke yule wala kuambiwa ni nani. Alijaribu mara mbili. Kwenye kioo mdomo wenye pengo ulifunguka, ukafumbika.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu mwanamke, kama mtu mzima yeyote anavyomjibu mtoto wa watu.