Kipande cha Kuonja

Shemeji yangu Kahambu anauza biskuti na bonbons, yaani peremende, kwa jumla karibu na soko la Tshopo, na kwa miaka kumi na mmoja hakuuza katoni bila kuionja mbele ya mteja. Bidhaa hutoka Butembo kwa barabara ya matope, na zikichelewa njiani biskuti hulainika. Kwa hiyo paketi hupasuliwa, yeye hutafuna moja, humeza, kisha hutamka: "Iko muzuri." Mimi, Clovis, ndiye mbeba katoni na mpasua paketi. Niliamini kama yeye kwamba watu hununua kwa sababu ya taya lake.

Wateja hawaji kwa pamoja. Mmoja hufika saa moja asubuhi, mwingine saa mbili kasorobo, na mambo huenda hivyo mpaka jioni. Ukimuuliza Kahambu kama anakula vitamu, anakuapia kwamba havili. Kwake, kipande kimoja si kula.

Magego yake matatu yaling'olewa, moja baada ya jingine. Kila mara alisema ni urithi, ukoo wao una meno mabovu. Lakini kaka zake nawajua vizuri: wanafungua chupa za soda kwa meno.

Halafu jino la mbele likaanza kuwa jeusi pembeni. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Kahambu ni mtu wa kucheka, na bila jino lile angecheka kwa kuficha mdomo hadi kufa. Nikampeleka kwa Olga, daktari wa meno.

"Unakulaka sukari mara ngapi kwa siku?" Olga akauliza.

"Kidogo sana, dokta. Kipande kidogo kwa kila client."

"Baclients ni wangapi?"

Kahambu alifikiri. "Kumi. Siku ingine kumi na tano."

"Bon. Mama, shida haiko wingi tu. Kila mara sukari inaingia, meno inashambuliwa karibu nusu saa. Wewe haupatie kinywa repos, mapumziko, hata kidogo. Afazali ungekula zote na chakula ya midi, ya saa sita, halafu unakunywa maji."

"Nikiacha kuonja, baclients watasema bidhaa iko na kasoro."

Olga hakubishana naye. Aliliziba tundu na kumwambia kwamba akiendelea, jino lile litafuata yale matatu. Jumatatu iliyofuata Kahambu akaonja mara tisa. Nilihesabu, na nilikasirika, lakini duka si langu.

Alhamisi jino lile lilimuuma hata kwa kunywa maji. Asubuhi hiyo akaja Honorine kutoka Bengamisa, mteja wake mkubwa kuliko wote, anayechukua katoni arobaini kwa safari moja. Kahambu akaweka paketi mezani, mkono mmoja shavuni.

"Mama Honorine, unisamehe. Leo siwezi kuonja. Jino inaniuma."

Honorine alikuwa ameshageuza katoni, anatafuta tarehe. Akatikisa paketi sikioni.

"Kuonja nini?"

"Biskuti. Ili uone iko muzuri."

"Ah. Miye naangaliaka date, na nasikilizaka kama imevunjika." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Ile kula yako, nilizaniaka unapendaka tu sukari. Batu bote hapa soko wanasema hivyo. Tonton Clovis, pakia, camion yangu ya mizigo iko inangojea."

Nikapakia. Niliporudi, Kahambu alikuwa amekaa juu ya katoni, ulimi wake ukipapasa mahali magego yalipokuwa.

"Miaka kumi na moja, Clovis," akasema.

Nilimwonea huruma, na niliona haya kidogo, maana ni mimi niliyekuwa nikimpasulia paketi.

Saa nne akaingia mwanamume mmoja mwenye kibanda karibu na daraja. Kahambu akamsogezea katoni, tarehe ikiwa juu, mdomo ameufumba.

"Nipe tatu," mwanamume akasema. Hakuangalia tarehe, wala hakumwangalia Kahambu.