Koti la Meneja Danieri

Sabuni ilifika kwa Bulandina asubuhi ya maziko ya Danieri, mche mzima, umeviringishwa kwenye jani la mgomba kama nyama ya sikukuu. Mwaka ule wa 1975 watu wa Bwera walikuwa wanafulia majivu ya maganda ya ndizi, na mwenye kipande cha sabuni cha ukubwa wa kidole gumba alikificha hata ndugu zake wasikione. Aliyeuleta mche huo ni Yafesi, katibu wa klabu ya mpira ya Radi, mwalimu wa shule mwenye sauti ya kanisani hata anapoomba chumvi.

"Mama Bulandina, Prezida wa klabu anakusalimu sana," akasema. "Anaomba ile koti ya Mzee ufue, ikauke mapema. Tutaweka juu ya sanduku, watu wapige bega mara ya mwisho."

Bulandina alihisi mate yanamjaa mdomoni. Hayakuwa ya uchu.

"Nani aliambia yeye koti iko kwangu?"

"Mama, jezi zote zilikuwa kwako. Koti ingekuwa wapi?"

"Weka hapo," akasema, akimwonyesha jiwe la kufulia. Yafesi akaweka, akainamisha kichwa kwa heshima nyingi, akaenda zake. Bulandina akatema mate nyuma ya mgomba.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa amefua jezi za Radi ya Bwera. Alijua jasho la kila mchezaji, na alijua kwamba timu ile ilikuwa mtu mmoja tu, Danieri Masereka. Wengine walikuwa na vyeo. Danieri alishona mpira ulipopasuka, akaupaka mafuta ya ng'ombe ngozi isikauke, akaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli ya kuazima. Siku moja kabla ya mechi wachezaji wote walilala kwake, akawasongea bundu, ugali wa muhogo, kwa mikono yake mwenyewe, asije mtu akawalisha kitu. Mke alikuwa amemfia zamani, mtoto hakupata. Waliomwita meneja walimwita hivyo kwa mapenzi, kwa maana hakuna aliyemwajiri.

Koti lake lilikuwa jeusi, la sufu nzito, alilolinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akiikimbia Kongo mwaka wa sitini. Alilivaa kila mechi, jua liwake lisiwake. Kabla ya mpira kuanza alisimama penye lango la uwanja, na mashabiki walipokuwa wakiingia kila mmoja alimpiga bega kwa kiganja, pa, halafu akapita. Ndiyo ilikuwa desturi ya Radi. Ilianza kama mzaha, lakini waliposhinda mechi kumi na moja mfululizo mzaha ukageuka dini. Bahati yetu imo kotini, walisema, na wapo waliorudi nyumbani kilomita mbili kwa sababu wamekumbuka hawajapiga bega.

Bulandina alikwenda chumbani, akalitoa gunia la kahawa lililokuwa chini ya kitanda, akalitoa koti. Alikuwa amelikunja vilevile siku zote, upande wa kushoto ukiwa ndani, kwa sababu upande huo hakupenda kuutazama. Akakaa nalo mapajani. Akilifua, basi yamekwisha, na kile wanachokisimulia kitakuwa ndicho kilichotokea. Asipolifua, atalazimika kulipeleka jinsi lilivyo, mbele ya Bwera nzima, na mbele ya Bwera nzima yeye mwenyewe atalazimika kusema. Saa nzima ilipita, mche wa sabuni bado uko juu ya jiwe. Kisha akalirudisha koti guniani, sabuni akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda msibani.

Msiba ulikuwa uani kwa Sosthène, mwenyekiti wa klabu, ambaye mwenyewe alipenda aitwe Prezida. Alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo zamani, mwenye lori na ghala pale Mpondwe, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tu. Viwili vililiwa na mlango wa lori. Danieri alifia Kasese, na Sosthène alikuwa amepeleka lori kumrudisha. Sasa jeneza lilikuwa chini ya turubai, na kulizunguka walikaa watu wa Radi, wengine wamevaa jezi kuukuu zilizowabana matumbo.

Walikuwa wanakula. Ng'ombe wa Prezida alikuwa amechinjwa, na Bulandina alipita katikati ya midomo inayong'aa mafuta, kila mdomo ukimtaja Danieri. Huyu alisimulia jinsi Mzee alivyomnunulia viatu. Yule alisema Mzee alikuwa baba yake wa pili, akajipangusa machozi kwa mkono uleule ulioshika mfupa, akaendelea kuutafuna. Mmoja alilia kwa sauti mpaka akapaliwa. Bulandina aliona kamba ya nyama imemganda kidevuni, akatazama chini.

Kilichomchefua zaidi ni kwamba hawakuwa wanadanganya kwa makusudi. Miaka saba ilikuwa imewafulia kumbukumbu zao hadi zikawa nyeupe. Tangu Danieri aondoke, Radi haikushinda kombe lolote, hata lile la Krismasi la kushindania jogoo, na kila waliposhindwa Danieri alizidi kuwa mtakatifu. Leo walikuwa wanalia kwa moyo wao wote.

Sosthène akasimama, kitambaa cha manukato mkononi.

"Bandugu," akasema, "wema haiozi. Huyu Danieri alikuwa mutu wa batu. Ile mwaka ya sitini na nane, bugonjwa ya macho ikamukamata, akatuacha, akaenda Kasese kutafuta munganga. Tulimulilia. Mungu ni shahidi, tulimulilia sana."

"Kweli," wakaitikia.

Bugonjwa ya macho. Bulandina alilikaza gunia kifuani. Ni kweli jicho la kushoto la Danieri liliharibika, lakini halikuharibiwa na ugonjwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya fainali, mjini Kasese, jua la kuchemsha ubongo. Mabao yalikuwa moja kwa moja. Maate, winga wa Kasese, kijana wa miaka kumi na minane, aligongana na beki wa Bwera, na mguu wake ukavunjika, mfupa ukachungulia nje. Alitetemeka palepale juani kama mtu wa homa. Watu wake walisimama wanapiga kelele. Danieri ndiye aliyeingia uwanjani mbio, akavua koti, akamfunika, akashika upande mmoja wa ubao waliombebea. Dakika tatu baadaye Kasese wakafunga la pili, na mchezo ukaishia hapo.

Mtu wa mahali pengine angesema walishindwa kwa sababu golikipa alidaka hewa. Watu wa Radi walisema meneja amewapa Kasese bahati yetu, amewafunika nayo mbele ya macho yetu. Walimngoja penye lori. Aliporudi na koti lake mkononi walimlazimisha alivae. Hapo karibu palikuwa na pipa la chokaa ya Muhokya, ile waliyochorea mistari ya uwanja, na Sosthène ndiye aliyetumbukiza mkono wa kwanza. "Rudisha bahati yetu," akasema, akampiga bega, pa. Wakafuata mmoja mmoja, kwa mstari, kama kawaida yao, maana hata unyama waliufanya kwa desturi. Walipochoka na mabega walipanda shingoni, wakafika usoni. Chokaa ikaingia jichoni. Danieri hakuwapigania, alisema tu, "Nyinyi, ngojeni, ngojeni kidogo," kama anayetuliza wachezaji. Wakamvua koti, wakalitupa mavumbini, Bulandina akaliokota pamoja na jezi, wakapanda lori na kumwacha kilomita zaidi ya hamsini kutoka nyumbani. Waliimba njia nzima.

Baba yake Maate ndiye aliyempa chumba. Akakaa huko miaka saba.

Sasa Yafesi alikuwa anatangaza kwa sauti yake ya kanisani kwamba koti la Mzee limefika, na kwamba kila mwana Radi atakuja kupiga bega kwa mara ya mwisho. Watu wakanyanyuka, wakaanza kupanga mstari huku wakijifuta mafuta. Bulandina alisogea hadi kwenye jeneza. Akafungua gunia, akalitandaza koti juu ya ubao, mgongo juu, mikono imefunguliwa.

Vilikuwa viganja. Vyeupe juu ya sufu nyeusi, mabegani, mgongoni, mikononi, vingine vimepandana, vingine peke yake na kila kidole kinaonekana. Chokaa ilikuwa imeula uzi na kukaa. Karibu na ukosi, upande wa kushoto, palikuwa na kiganja chenye vidole vitatu.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Mtu aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna.

"Mama Bulandina," Sosthène akasema polepole, "niliomba uifule. Nilikutumia sabuni."

"Nimepata."

"Sasa juu ya nini unaleta buchafu mbele ya maiti?"

"Mimi nafua jezi ya nyinyi miaka yote," Bulandina akasema. "Matope nafua, damu nafua. Hii nimeshindwa. Nyinyi nataka kupiga bega ya Mzee. Sawa. Kila mutu atafute mkono yake, apige pale pale."

Alikuwa ameipanga kauli hiyo tangu asubuhi, na ilimtoka vizuri kuliko alivyotarajia. Aliwatazama: macho yanakimbia, midomo ya mafuta imefumba. Aliona raha, na raha hiyo ikamkifu palepale. Nyani haoni kundule. Kwa miaka saba alikuwa amelala juu ya mikono ya wenzake, akiihesabu, akiitemea mate, na huku koti amelikunja upande mmoja ndani.

Akageuza bega la kushoto la koti, upande wa mbele ukaonekana. Pale, chini kidogo ya mshono, palikuwa na kiganja kidogo kuliko vyote, cha mwanamke, kimepigwa kwa nguvu hata chokaa ikaruka pembeni. Aliweka mkono wake juu yake. Ukaenea sawasawa.

"Hii iko yangu," akasema. "Nilikuwa wa tano kwa mstari. Mzee aliniangalia, akasema, 'Hata wewe, Bulandina?' Nikapiga."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alilia, na aliyachukia machozi yake kama alivyoyachukia ya wengine.

Aliyesema baada yake ni mtu mmoja aliyekuja na jeneza kutoka Kasese, mwenye mguu mmoja mfupi. Wengi walidhani ni mtu wa lori. Alikuwa Maate.

"Kila Jumapili jioni aliniuliza jambo moja," akasema, bila hasira. "Aliniuliza, 'Bwera wamefunga ngapi?' Mkiwa mmeshindwa, nilimdanganya. Wiki iliyopita nilimwambia mmeshinda matatu."

Hakuna aliyetoka kwenye mstari kuja kupiga bega. Sosthène aliutia mkono wake wa kulia mfukoni, na ukabaki humo wakati wote wa sala, ukabaki humo walipoliteremsha jeneza pamoja na koti lake. Ulipofika wakati wa kutupa udongo alitupa kwa mkono wa kushoto.

Baada ya kuzika watu hunawa. Beseni la maji lilikuwa limewekwa karibu na njia, juu ya jiwe bapa, ili kila atokaye kaburini anawe kabla ya kwenda kwake. Bulandina alifika wa kwanza. Akafungua pindo la kanga, akautoa mche wa sabuni kwenye jani lake, akauweka kando ya beseni.

"Sabuni ya Prezida," akasema. "Naweni."

Wakaja mmoja mmoja, kwa mstari. Kila mmoja aliitazama sabuni, akachovya vidole kwenye maji matupu, akavikung'uta, akaondoka kwa haraka. Yafesi alinyoosha mkono kuishika, akaurudisha. Mwaka ule, katika Bwera ile ambayo watu walikuwa wanaibiana mashuka kwenye kamba, mche mzima wa sabuni ulikaa juu ya jiwe kando ya njia mpaka jua likazama, na hakuna aliyeuchukua.

Bulandina naye aliuacha pale.