Herufi Zilizoshikana Mikono

Lami ilipofika Karatu, maduka ya vinyago yalichipuka kando yake kama uyoga baada ya mvua. Karibu yote yaliuza kitu kilekile: twiga wa mpingo na ngao za ngozi zilizoshushwa kutoka lori moja. Watalii waliokuwa wakipanda kwenda kreta ya Ngorongoro walisimama, wakaingia chooni, wakanunua maji, wakaondoka. Duka moja tu ndimo walimotoka wakicheka, kila mmoja ameshika chupa ya asali au mshumaa wa nta, wakionyeshana kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa katani. Hilo lilikuwa duka la Shangazi Ndeshi, na vikaratasi hivyo aliviandika Ritha.

Mwandiko wa Ritha haukujua kutulia. Herufi m ilikuwa na masikio ya ndama. K ilirusha teke. B ilibeba a mgongoni, lakini ikikutana na u iliishika mkono, kama dada anayemvusha mdogo wake barabara. Hakuna herufi iliyosimama bila kumgusa jirani yake.

Hakuzibuni kwa ajili ya asali. Alizibuni alipokuwa chuo cha ualimu, katika mazoezi ya kufundisha darasa la kwanza huko Rhotia, mbele ya watoto waliokuwa wakizungumza Kiiraqw nyumbani na kukiogopa Kiswahili cha shule kama mbwa asiyefungwa. Alipochora b imembeba a mgongoni, mtoto mmoja aliyekuwa hajafungua kinywa tangu wiki ianze alicheka, akasema "ba." Darasa zima likasema "ba." Ritha, ambaye mbele ya watu wazima sauti yake huishia kooni, siku ile alifundisha mpaka mwenyewe akasahau kwamba ana aibu.

Alipomaliza chuo alirudi Karatu kwa shangazi yake kungoja kupangiwa kazi. Shangazi Ndeshi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki huko Machame. Alimlea bila kumtenga na mwanawe Noel hata kwa kipande cha nyama. Siku moja, kwa kupitisha muda tu, Ritha aliandika kikaratasi akakifunga kwenye kikapu cha mama mmoja aliyeitwa Qamara: *Kikapu. Kimesukwa kwa mikono na Qamara, Karatu. Kinakwenda...* Akaacha nafasi. Mzungu aliyekinunua alipoulizwa anatoka wapi, Ritha aliijaza nafasi ile mbele ya macho yake. Kinakwenda Bergen. Yule Mzungu alikikumbatia kikapu kama mtoto.

Tangu hapo hakuna kitu kilichotoka dukani bila lebo. Bibiana, mnunuzi wa duka la loji moja kule juu ukingoni mwa kreta, alipoziona aliagiza bidhaa kwa maboksi, kwa sharti kwamba kila moja iwe na "maandishi yale yanayocheza." Shangazi aliweka meza ndogo na kigoda nyuma ya dirisha lenye nondo, akatandika kitenge, akasema, "Hapa ndipo ofisi yako, mwanangu."

Ritha alikaa hapo. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka barabarani, mchana vumbi jekundu likaingia kupitia nondo na kukaa juu ya wino kabla haujakauka. Kidole chake cha kati kiliota sugu. Kila alasiri, kabla ya kufunga boksi la loji, Shangazi aliinua bidhaa moja moja na kuisoma lebo yake kwa sauti, kwa sababu aliwahi kupeleka sabuni zilizoandikwa kahawa na aibu ile hakuisahau. Ritha alisikiliza majina ya vitu vinavyoondoka. Kinakwenda. Unakwenda. Inakwenda. Yeye ndiye aliyebaki.

Jina lake lilikwisha kubandikwa ubaoni pale ofisi ya elimu: amepangiwa shule ya msingi Mang'ola, kule chini kwenye vitunguu, karibu na Ziwa Eyasi. Shangazi alifurahi, akapika, akaalika majirani. Kisha akamwomba amalizie msimu wa watalii. Msimu ulipoisha akamwomba avuke Krismasi. Hakufoka wala kumtisha. Alimletea chai ya maziwa mezani, akamkanda bega lililokakamaa, akawaambia wateja, "Huyu ndiye mikono yangu." Mtu akikupiga, utakimbia. Akikukanda bega, utakimbilia wapi?

"Sawa, shangazi," Ritha alisema kila mara.

Desemba ilipokuwa ikiisha, Lucas, dereva wa lori la vitunguu, alisimama dirishani. Alikuwa mtu wa Singida, mwenye maneno mengi na breki chache. Alisema mwalimu mkuu wa Mang'ola ametuma salamu: darasa la kwanza litaanza na watoto wengi kuliko madawati, na shule ikifunguliwa bila yeye kuripoti, nafasi yake itaombewa mtu mwingine. Lori lingeshuka tupu Jumamosi ya kabla ya shule kufunguliwa.

"Kiti cha mbele nakuwekea," Lucas alisema. "Usipotokea nitampakia mbuzi. Mbuzi huwa hasemi 'ngoja kwanza.'"

Ritha alicheka kwa heshima. Lucas alipoondoka, alishika nondo ya dirisha akaona ilivyo baridi.

Noel ndiye aliyemletea tumaini. Alifanya kazi kwenye duka la uchapaji Arusha, na sikukuu za mwisho wa mwaka alikuja na kompyuta nzima kwenye pikapu, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Alikuwa na mashine ya kuingizia picha pia. Alimvuta Ritha uani, akamweleza kwamba siku hizi mwandiko wa mtu unaweza kugeuzwa fonti: unaandika herufi zote mara moja, mashine inazimeza, kisha yeyote anayebonyeza kitufe anaandika kama wewe. Mama yake angepata lebo zake, na Ritha angepata kiti chake kwenye lori.

"Niandikie herufi zako zote, dada mwalimu. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wino mweusi, karatasi safi."

Ritha aliandika kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu Rhotia. Aliandika kama anavyoandika mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anapoambiwa aandike herufi zote. Noel alipopokea karatasi alizigeuza, akazigeuza tena, kisha akakaa juu ya gunia la vikapu akicheka.

*A e i o u. Ba be bi bo bu. Cha che chi cho chu. Da de di do du.* Ukurasa baada ya ukurasa, mpaka *za ze zi zo zu*, kila silabi imeshikana mikono.

"Dada, nimekuomba matofali, umeniletea ukuta."

"Ndizo herufi zote," Ritha alisema.

"Nataka b peke yake. Peke yake, haijabeba mtu."

Ritha alifikiri. Alitafuta kichwani mwake b iliyosimama peke yake na hakuiona. "Sijawahi kuiandika," alisema.

Noel alijaribu kuzikata kwenye kompyuta. Alikata mkono hapa, mgongo pale, akabonyeza neno *asali*, likatoka. Shangazi Ndeshi aliivuta miwani puani, akalitazama neno lile ambalo kila herufi ilikuwa imebaki na kigutu.

"Hizi zimepata ajali," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, akaongeza kwamba kumbe hata mashine ina akili. Imekataa kuchukua mahali pa mtoto wa watu. Akaenda jikoni akiimba wimbo wa kwaya. Ritha aliusikiliza wimbo ule, akahisi mlango ukirudishiwa polepole, bila kelele, na mtu anayempenda.

Asubuhi alimwomba Noel karatasi nyingine safi.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Kila alipoandika b, mkono wake ulitaka kuendelea, na b ilinyoosha kidole hewani ikitafuta mtu wa kumshika. Ilimbidi aukunje mkono wa b. Aliinamisha m, akaifundisha k kuweka mguu chini. Ziliposimama zote kwa mstari, zilifanana na watoto siku ya kwanza ya shule, mama zao wamekwisha kugeuka kwenda nyumbani, nao hawajui kama kulia kunaruhusiwa. Ritha alifuta macho kwa upande wa mkono usio na wino, akampa Noel karatasi.

Mara hii mashine ilizimeza. Noel alibonyeza, na *asali* ikatoka nzima. Masikio ya ndama yalikuwepo. Mchezo ulikuwepo, ila kila moja ilicheza kivyake.

Bibiana alipokuja kuchukua maboksi, Shangazi alimwekea mezani lebo ya zamani na mpya, kisha akamsogezea kiti, akamsogezea chai, akingoja akatae. Bibiana aliziweka karibu na dirisha, akazilinganisha. Akasema wageni hawatajua. Akasema, kwa kweli, mpya inasomeka vizuri zaidi, na itapunguza maswali yao. Akanywa chai yake yote.

Ritha hakujua kwamba mtu anaweza kuumia na kufunguliwa kwa neno moja. Alimtazama shangazi yake, akingoja sasa aseme: basi, mwanangu, nenda.

Shangazi alikikung'uta kitenge cha mezani, akakitandika upya. Alisema mashine ni kitu kizuri, lakini mashine inataka mtu. Nani ataifuta vumbi? Nani atakata makaratasi, atoboe, afunge nyuzi? Yeye macho yake ni haya, Noel anarudi Arusha. Mpaka Pasaka tu. Pasaka haiko mbali.

"Sawa, shangazi," Ritha akasema.

Lilitoka lenyewe, kama mate. Alibaki amekaa kwenye kigoda akilisikiliza. Kazi ilikuwa imeondolewa, mlango ulikuwa wazi, na bado amekaa. Hata Noel alimtazama, akatikisa kichwa, akatoka nje. Ndipo Ritha alipojua kwamba kilichomfunga hakikuwa mwandiko. Kilikuwa neno lile moja, na hakuna mashine ya kulisema kinyume kwa niaba yake.

Jumamosi ilifika na ukungu wake. Ritha alifanya kazi asubuhi yote. Alasiri, Shangazi alianza kupanga boksi la loji kama kawaida. Alivaa miwani, akainua kitu cha kwanza, akasoma kwa sauti: "Mshumaa. Umetengenezwa kwa mikono na Anitha, Karatu. Unakwenda..." Akauweka. Akainua chupa ya asali, akasoma. Akainua kikapu cha Qamara, akasoma. Lebo zote zilikuwa za mashine, na sauti yake ilizisoma bila kupumzika popote.

Kisha mkono wake ukagusa begi.

Lilikuwa begi la kijani ambalo yeye mwenyewe alimnunulia Ritha wakati wa kwenda chuo. Lilikaa mwisho wa safu ya bidhaa, limefungwa lebo kwa uzi wa katani. Lebo hii iliandikwa kwa mkono. Kila herufi ilikuwa imeshika nyingine.

"Mwalimu," Shangazi alisoma, kwa mazoea, kabla hajajua anasoma nini. "Ametengenezwa kwa mikono na Ndeshi, Karatu. Anakwenda..."

Nafasi ilikuwa imejazwa. Hakuisoma.

Nje honi ya lori ililia mara moja, kwa adabu ambayo Lucas hakuizoea. Shangazi aliipitisha lebo kati ya vidole vyake. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Hukuandika bei," alisema.

Kwa kawaida hapo Ritha angecheka, shangazi naye angecheka, chai ingekuja, na Pasaka ingefika. Alilisikia neno lake la siku zote likipanda kooni. Akalimeza.

"Naondoka leo, shangazi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika. "Sitangoja Pasaka."

Shangazi Ndeshi alilivuta begi karibu. Kwa muda Ritha alidhani ataifungua lebo ile, na mikono yake kweli ilienda kwenye uzi, ikaufungua. Kisha Ritha akamwona shangazi yake akiuzungusha uzi ule upya, mara mbili kwenye mshikio, akaubana kwa jino kama anavyofanya kwa bidhaa za safari ndefu.

"Fundo lako ni la watu wa lami," alisema bila kumtazama. "Barabara ya Mang'ola italifungua kabla hujafika nusu ya njia. Nimekufundisha mara ngapi?"

Alimsukumia begi. Ritha alizunguka meza, akamkumbatia kwa nguvu. Alisikia harufu ya nta na maziwa kwenye khanga yake, na akasikia kwamba mikono ya shangazi haikumkumbatia. Ilikuwa imemshika tu viwiko, kama mtu anayepima kama kitu bado ni kizima.

Lucas alikuwa ameifuta siti. Hapakuwa na mbuzi. Lori lilipoanza kusogea, Ritha aligeuka kulitazama duka. Aliliona dirisha, zikaonekana nondo zake, na nyuma yake, kwenye kigoda, Shangazi Ndeshi alikuwa tayari amekaa. Alikuwa ameisogeza kompyuta mbele yake, kidole kimoja kimenyooshwa juu ya vitufe, kinatafuta herufi.

Hakuinua macho. Ritha aliendelea kutazama mpaka lori likaiacha lami, vumbi likapanda, na lebo kwenye begi mapajani mwake ikaanza kupigapiga mkono wake.