Majani ya Upande wa Kushoto

Dada mtu alikuwa na kijicho, tusifichane. Miaka tisa amehangaika kwenye maabara ile ya mimea. Mdogo wake, aliyemfundisha mwenyewe hata kushika sindano, alikuwa na miwili tu. Leo hii nafasi moja ya mtafiti inamwangukia nani? Mdogo mtu! Eti kwa sababu ya trei moja ya miche ya nyanya yenye jeni iliyoharibika, isiyotoa jani hata moja, imesimama vijiti vitupu.

"Jeni hii ndiyo inayotengeneza majani," mdogo mtu alimwambia Profesa, na Profesa akacheka meno yote nje.

"Hongera, mdogo wangu," alisema dada mtu, roho ikimuuma.

Mchana wenzake walipokwenda kula, alichovya sindano kwenye mafuta yenye homoni ya kukuzia, akagusa ubavu wa kila kijiti, pale kwenye ncha. Vikiota majani, itaonekana jeni haina kazi, na huyo bingwa wa watu ataumbuka. Alitumia mkono wake wa kushoto, ule uliofanya nyumbani wamwite Shoto tangu utotoni.

Siku ya nane majani yakatoka. Mdogo mtu alikwenda kulia chooni, na Shoto, jamani, alisikia raha!

Profesa akaja, akainamia trei na lenzi.

"Kuna mafuta hapa. Nani kapaka homoni?" Mara akapiga meza. "Ala! Kumbe jeni haitengenezi jani, kazi yake ni kuifikisha homoni mahali pake! Ukiipeleka wewe kwa mkono, jani linaota. Aliyepaka ni nani? Nafasi ni yake!"

Shoto akafungua mdomo. Mdogo mtu alikuwa amesharudi, amenawa uso. Aliangalia trei: kila jani limetokea upande wa kushoto wa kijiti chake. Akautazama mkono wa dada yake.

"Ni mimi, Profesa," akasema mdogo mtu.

Profesa alipotoka tu, Shoto alimvaa. "Mwizi wee! Kazi yangu hiyo!"

"Yako kweli, dada. Mfuate ukamwambie." Mdogo mtu hakupandisha sauti. "Ila atakuuliza ulikuwa unatafuta nini kwenye miche yangu. Utamjibu nini?"

Shoto aliuficha mkono wa kushoto kwenye mfuko wa koti, akabaki amesimama palepale.