Kaburi la Nne la Ongeri

Hebu niambie wewe: mtu akifa mara ya nne, unamchinjia ng'ombe, au chai na mandazi vinatosha?

Swali hilo ndilo lililomkalisha Persis Bitutu jikoni kwake Ekerenyo asubuhi ile, akichambua mboga ya chinsaga, majani huku, vijiti kule. Mwanawe Ongeri alikuwa amelala langoni tangu kupambazuke. Safari hii alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, bila jeraha lolote, kama mtu aliyejinyoosha kidogo baada ya kanisa. Mama yake alimfunika leso asipigwe na jua, akarudi kumalizia mboga, maana chinsaga zikinyauka haziliki.

Ongeri huyu ndiye yule mpiga obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane. Alipokipiga sokoni, hata wauza ndizi waliacha kubishana bei. Alipokufa mara ya kwanza, ilitangazwa kwamba ni moyo. Watu hawakuridhika. Kijana ambaye hata mvi hana, moyo? Ndipo Linda akaja kutoka Nairobi na kamera yake, kutengeneza filamu ya kuuliza Ongeri alikufaje.

Filamu ya kwanza ilisema ni sumu. Ilionyeshwa jioni kwenye ukuta wa ghala pale sokoni, na kulipokucha Ongeri alikuwa langoni, midomo imekuwa ya bluu, amevaa koti la yule mwigizaji aliyemwigiza. Mokua, jirani anayechimba makaburi, alifukua lile la kwanza ili kuhakikisha. Alimkuta yumo. Akalifukia, akachimba la pili. Filamu ya pili ilisema alisukumwa mtoni, naye akaja amelowa, mchanga masikioni. Nyamongo, naibu wa chifu, aliuliza jambo moja tu kabla ya kutoa kibali cha kuzika.

"Ni yule yule?"

"Ni yule yule."

"Pole, mama. Mradi msizike siku ya Sabato."

Wakazika Jumapili. Kila kaburi lilikula mistari ya majani chai, na shamba lenyewe ni dogo, ukikohoa upande huu jirani wa upande ule anakuambia pole.

Kila mara Persis ndiye aliyemwosha. Midomo ilibadilika, nguo zilibadilika, lakini vidole vilikuwa vile vile. Kucha zilikuwa zimevunjika, na ndani yake mlikuwa na rangi ya kijani, ile ngumu ya kupaka milango. Aliitoa polepole kwa mwiba wa mchungwa, kidole kwa kidole, ili mtoto aende akiwa safi.

Sasa kuna huyu Ombati. Ombati alikuwa meneja wa Ongeri, na ana ukumbi wa muziki Kisii mjini, wenye vyumba vya kurekodia upande wa nyuma. Zamani milango ya vyumba hivyo ilikuwa ya kijani. Siku hizi ni ya kahawia. Yeye ndiye anayezigharamia filamu za Linda, na katika kila moja ndiye anayeonekana kwanza, kitambaa cha machozi mkononi, akisema, "Ongeri alikuwa kama mdogo wangu wa tumbo moja." Persis huwekwa mwishoni, kando ya kaburi.

"Shosho, tuambie siku ile ya mwisho," Linda alimwambia katika filamu ya kwanza.

"Alinipigia simu jioni, akaniambia..."

"Ngoja, ngoja, shosho. Jogoo anatuharibia sauti. Tutarudi hapo."

Hawakurudi. Katika filamu ya pili ilikuwa lori la majani chai. Katika ya tatu ilikuwa mvua juu ya mabati, na Linda alizima kinasa sauti, akamwomba atazame kaburi tu. "Hapo hapo, shosho. Uko sawa kabisa. Usiongee." Persis akatazama kaburi. Linda alikuwa mgeni, na chai ya mgeni ilikuwa bado kikombeni.

Filamu hiyo ya tatu haikumtaja mtu wala kitu. Iliuliza tu: nani ajuaye? Ndiyo maana Ongeri alikuja bila jeraha.

Mokua alifika na jembe begani, akaizunguka nyumba, akarudi akijikuna kichwa.

"Mama Ongeri, nafasi imekwisha. Imebaki ile moja kando ya mzee wako Ondieki."

"Hiyo ni yangu."

"Najua ni yako."

"Nimeipalilia tangu mzee alale."

"Ndiyo maana udongo wake ni laini," Mokua alisema. "Lakini siku yako ikifika, tutakuweka wapi?"

"Mtanisimamisha kama mgomba."

Mokua akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaenda kuchimba.

Persis akamwosha mwanawe. Zile kucha zilikuwa vile vile, na rangi ndani yake. Safari hii hakuitoa. Alimlaza mikono juu ya shuka, vidole vikitazama watu.

Ng'ombe hakuchinjwa. Ilikuwa chai na mandazi. Mchungaji aliomba kwa kifupi, kwaya ikaimba zile nyimbo zake mbili. Watu walipita mbele ya jeneza wakaviona vidole. "Huko aliko lazima kuna kazi ya kupaka rangi," mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, wakasonga mbele. Ombati, aliyekuja na gunia la sukari, akashika maikrofoni ya kwaya.

"Hatutalala! Tutatengeneza filamu ya nne, na ya tano, mpaka ukweli ujulikane!"

Watu wakapiga makofi.

Tusidanganyane. Ongeri alizikwa palepale, kando ya baba yake. Ombati bado ana ukumbi wake, na filamu ya nne imeshaanza kupigwa, naye ndiye wa kwanza kuongea. Hata siku ile ya mazishi Linda alikuwa ameshafunga kamera, betri imekwisha, na Nyamongo alikuwa akitafuta andazi la pili. Lakini Persis alisimama ukingoni mwa lile shimo lake, akanyoosha mkono, na Ombati, akidhani mama anataka kushukuru, akampa maikrofoni.

Jogoo akawika. Linda, kwa mazoea, akainua kidole kwamba angoje. Persis hakungoja.

"Alinipigia simu jioni," alisema, "akaniambia: Mama, nina homa kali, na Ombati amenifungia mlango mpaka nimalize nyimbo zake. Mwambie anifungulie nije nyumbani. Nikampigia Ombati. Akanijibu: Mama, kijana amelala. Basi shimo hili ni langu. Huyu mpelekeni mkamzike kwa Ombati, pale mlangoni."