Papa Iko Analala

Kwetu Likasi, mwanaume akionekana nyumbani saa nne asubuhi, ama ni mgonjwa ama amefukuzwa kazi. Wangu hakuwa mgonjwa wala hakufukuzwa. Symphorien aliacha ukarani wa ghala kiwandani kwa hiari yake, akaweka cherehani kwenye chumba cha nyuma na kuanza kushona magauni.

Ubaya ni kwamba alifurahi. Saa zake alizipanga mwenyewe. Asubuhi alimwogesha mama yake, Berthe, aliyepooza upande mmoja, akamlisha uji, ndipo akakaa kwenye mashine akipiga mluzi. Miaka kumi na miwili ya kiwandani sikuwahi kumsikia akipiga mluzi. Mwanamke mwenye akili angemshukuru Mungu. Mimi niliona haya.

Basi siku moja baada ya misa, akina mama wa parokia waliponiuliza mbona Papa Symphorien haonekani tena njiani asubuhi, uongo ulinitoka wenyewe.

"Iko poste ya usiku," nikasema. "Muchana analala."

"Na zile manguo?"

"Anashonaka kidogo tu, akilamuka."

Waliitikia kwa heshima. Mtu wa zamu ya usiku hasumbuliwi. Hata watoto wa jirani walianza kuchezea mbali na dirisha letu. Nilijiona mjanja kweli.

Miezi mitatu ikapita, wateja wakakatika. Symphorien akawa anafumua magauni aliyokwisha kuyamaliza, akitafuta kosa. Aliniuliza kama mikono ya nguo imekaa vibaya. Nikasema sijui. Nilijua sana tatizo liko wapi, na bado nikamwacha afumue.

Jumamosi iliyopita aliifunika mashine kwa shuka.

"Lundi, kesho kutwa, nitaenda kuomba kazi yangu ya zamani," akasema. "Batu habapendi kazi ya mukono yangu."

"Na mama?"

"Tutatafuta muntu wa kumuchunga."

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikaishia kwenda mlangoni. Hapo hapo nikamwona Mama Reine wa parokia uani, kitenge kwapani, akinyata kama mwizi.

"Papa iko analala?" akaninong'oneza mlangoni. "Basi nitarudia. Hii ni mara ya ine ninakuya. Bana yangu batatu batafanya communion ya kwanza, lakini miye naogopa kumulamusha muntu wa poste ya usiku."

Pazia la chumba cha nyuma likafunguka. Symphorien alikuwa amesimama pale, futi ya kupimia shingoni.

"Niko macho, Mama Reine," akasema. "Ingia."

Mama Reine akataja vipimo vya watoto, Symphorien akaviandika, kisha mama akaaga, akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika mlango, nikisubiri kelele. Nilizistahili zote. Symphorien aliivua mashine ile shuka, akaikunja polepole.

"Kumbe balikuwa banakuya," akasema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Bibiane, kumbe banapenda kazi yangu."

Hakuniuliza ni nani aliyesema analala. Nilitamani ardhi inimeze.

Jana Jumapili, tukijiandaa kwenda kanisani, alinigeukia akifunga vifungo vya shati.

"Bibiane, batu bakiniuliza, niseme niko poste gani?"

Hakuwa ananikejeli. Aliuliza ili asiniaibishe.