Miwa ya Wamalwa

Jumamosi hiyo, mwaka wa hamsini na saba, watu walijaa ukumbi wa landi, makazi ya wafanyakazi wa reli, Nakuru mpaka wengine wakakalia madirisha. Omolo, mkubwa wa kikundi cha konsati, alitaka mchekeshaji mmoja tu wa kuzunguka naye mpaka Kisumu. Sharti lake kila mtu alilijua: kisa kiwe kimekupata mwenyewe, na mtu asimame kushuhudia.

Wamalwa kisa alikuwa nacho. Akiwa na miaka sita, mama yake alimkalisha stesheni, akampa miwa, akamwambia, "Ukimaliza nitakuwa nimerudi." Basi akaitafuna mbio mbio, midomo ikatoka damu, ndio mama aje haraka. Ilipoisha akaanza kutafuna makapi, akidhani labda hajamaliza vizuri. Mama Nekoye, bibi ya fundi wa reli, akamwokota jioni. Akamlea pamoja na mwanawe Khaemba, blanketi moja, sufuria moja. Ni mshipi wa fundi tu uliochagua, ukimchapa Wamalwa peke yake, naye akajifunza kumchekesha mzee kabla haujafunguliwa.

Wote wawili walikuja kushindana, na Khaemba akaitwa jukwaani kwanza.

"Nilikuwa na miaka sita," akasema, "mama akanikalisha stesheni."

Wamalwa alidhani ni utani. Khaemba akafika kwenye damu, akafika kwenye makapi. Ukumbi ukacheka mpaka machozi.

"Shahidi?" Omolo akauliza. "Mama yako yuko?"

Mama Nekoye alikuwa benchi ya mbele. Akamwangalia Wamalwa, akamwangalia mwanawe, akasimama.

"Ni kweli. Mimi ndiye nilimwacha."

"Na ulirudi lini, mama?" mtu akauliza huko nyuma.

"Si nilirudi," akasema, akaketi.

Wamalwa akapanda jukwaani bila kitu.

"Mimi nilikuwa na mama," akaanza, "mpaka sasa hivi."

Mmoja akacheka.

"Asubuhi alinipa uji, akaniambia, nenda ukawachekeshe. Kumbe alikuwa ananiaga."

Wakacheka wote, benchi zikagongwa.

"Shahidi?" Omolo akauliza.

Hakuna aliyesimama. Mama Nekoye alikuwa akifunga kitambaa chake kichwani, akikifungua, akikifunga tena. Omolo akangoja, halafu akaandika jina la Khaemba.

"Haya, shuka, kijana."

"Mwache aendelee," watu wakasema. "Jina si umeshaandika?"

Wamalwa akaendelea. Akawaeleza huyo mama alivyo mpole, mpaka kwenye benchi ya mbele pakabaki mahali patupu pa mtu mmoja, na watu wakazidi kucheka.